Udzungwa: hifadhi ambayo gari inabaki getini, unapanda kwa miguu yako (uzi mrefu, vuta kiti)

mtembezi_moro:
Wakuu habari zenu. Huu uzi nimeuahidi kwa watu kama watatu hivi na kila siku nasema kesho kesho, leo nimekaa niumalize.

Kila nikiwaambia washkaji twendeni hifadhi, wa kwanza anauliza gari ya nani, wa pili anauliza simba tutawaona, wakisikia bei ya kukodi landkruza kwa siku safari imeishia hapo hapo kijiweni. Sasa mimi naongelea Milima ya Udzungwa, ambayo ndani hamna barabara ya kuzungukia na gari. Ukifika getini Mang'ula gari inapaki, kuanzia hapo ni wewe, raba zako, chupa ya maji na mtu wa kukuongoza. Kwa hiyo ule mzigo mkubwa unaotufanya wabongo wengi tuone hifadhi ni mambo ya wazungu, huku haupo. Kiingilio cha mwananchi hakifanani hata kidogo na cha mgeni, unalipa kwa simu kwa namba ya malipo wanayokupa pale pale, unatafutiwa mwongozaji, mnaondoka.

Kufika ni hivi. Dar unapanda basi la Ifakara pale Mbezi, mnapita Moro, mnakatisha Mikumi hifadhini (fungua dirisha, swala na twiga wapo pembeni ya lami hawahitaji tiketi), mkifika Mikumi mjini mnaiacha barabara kuu ya Iringa mnakata kushoto kwenda Kidatu. Toka Dar mpaka Mang'ula ni kama kilomita 350, toka Mikumi kama 65. Mkishavuka mto Ruaha Mkuu pale Kidatu ndo utaona, kushoto miwa na mpunga tambarare mpaka macho yanachoka, kulia mlima umesimama kama ukuta na ni wa kijani kuanzia chini mpaka kwenye mawingu. Mimi nimepita hiyo njia sijui mara ngapi na bado nikifika pale nakaa kimya.

Mara ya kwanza kumpeleka mdogo wangu wa kike ilikuwa mwezi wa saba. Tulilala gesti Mang'ula, saa moja na nusu asubuhi tuko getini, tukapanda bajaji kurudi nyuma hadi kijiji cha Sanje kama kilomita tisa hivi, ndo njia ya maporomoko inaanzia. Mwongozaji wetu kijana wa hapo hapo Sanje. Nusu saa ya mwanzo mdogo wangu alikuwa ananuna maana ni kupanda tu, hamna kona ya kupumzikia, mizizi imekaa kama ngazi, jasho linatoka hata kabla jua halijapenya. Halafu msitu ukafunga juu, ubaridi ukashuka, akaanza kusikia maji. Unayasikia muda mrefu kabla hujayaona na hiyo ndo raha yake, kila ukipinda unadhani umefika kumbe bado.

Sanje yanaanguka kama mita 170 kwa ujumla, ila hayaanguki kwa mkupuo mmoja, yamegawanyika, kwa hiyo unayakuta kwa mafungu, kuna sehemu unasimama ukungu wa maji unakulowesha uso na kuna sehemu kuna dimbwi unaoga kabisa. Maji ni ya baridi ya kukata pumzi. Ukifika juu ukageuka nyuma, bonde lote la Kilombero liko chini yako, mashamba ya miwa yamekaa viraka viraka, na mdogo wangu aliyekuwa ananuna akaniuliza mbona siku zote hamkuniambia. Kwenda na kurudi bila haraka ilituchukua kama saa nne.

Sasa kitu kilichonifanya niandike huu uzi hasa ni mnyama mmoja. Tukiwa tunashuka, mwongozaji akatusimamisha akatega sikio. Kukaja sauti, kama mtu anaita toka mbali halafu sauti inavunjika, inagugumia. Akasema "ngolaga". Ni nyani wa kijivu hivi, mkia mrefu, anashinda sana chini akiokota matunda na mbegu zilizodondoka. Kisayansi anaitwa kwa jina la kijiji kile kile, Sanje. Wataalamu wamemjua mwaka 1979 tu! Walikuwa hapo wanachunguza mbega wekundu, wakasikia mlio wasioujua, wakamuuliza mwenyeji waliyekuwa naye, akawajibu bila hata kufikiria kwamba huyo ngolaga. Yaani dunia nzima haina habari na mzee wa kijijini anamjua mpaka jina. Na hayupo sehemu nyingine yoyote duniani zaidi ya milima hii. Mtu anatoka Uholanzi kuja kumuona, wewe uko Moro mjini hujawahi hata kumsikia jina.

Maswali karibuni, nitajibu ninayoyajua.

nakaa_mbele:
Nimeweka kambi hapa. Tupia picha mkuu.

chuma_cha_reli:
Uzi mzuri ila mimi niwe mkweli, nikitoa hela yangu nataka nione tembo. Kupanda mlima kuona maji na nyani mbona Uluguru ipo hapo juu ya mji bure?

mtembezi_moro:
@chuma_cha_reli tembo wapo mkuu, na nyati wapo, na chui yupo. Ila msituni ukiwa kwa miguu tembo humtafuti, ndo maana njia za ndani mnatembea na askari mwenye silaha na akisema simama unasimama. Utakachokiona sana ni kinyesi chake kwenye miteremko ambayo wewe umepanda kwa kushika mizizi, unabaki unajiuliza mnyama wa tani kadhaa alipitaje hapa. Alafu ukiwa barabarani pale Mang'ula uliza wakuonyeshe ushoroba, wametengeneza njia ya tembo inapita chini ya barabara ili wavuke toka mlimani kwenda upande wa bonde mpaka hifadhi ya Nyerere bila kugongana na malori wala kuingia kwenye mpunga wa watu. Mimi hiyo naiona kitu kikubwa, maana hiyo njia tembo walikuwa nayo kabla ya lami na kabla ya miwa.

Uluguru naipenda sana, ndo nyumbani. Ila Udzungwa kuna kitu Uluguru imeshapoteza kwa sehemu kubwa: msitu unaanza chini kabisa kama mita 250 toka usawa wa bahari na unapanda bila kukatika mpaka zaidi ya mita 2,000. Sehemu nyingi ule msitu wa chini ulishalimwa zamani, umebaki wa kileleni tu. Hapa unaanza na mivule na mikangazi minene, unamalizia kwenye miti mifupi yenye kuvumwani na ukungu, siku moja hiyo hiyo.

bi_mdogo_tabata:
Mimi nina watoto wawili, miaka 6 na 9. Hiyo Sanje naona kama ni ya wanaume wa shoka. Kuna sehemu ya watu kama sisi?

mtembezi_moro:
Dada yangu ipo kabisa. Pale pale makao makuu ya hifadhi kuna njia ya maporomoko ya Prince Bernhard, fupi sana, kama kilomita moja, watoto wanaenda wanacheka. Jina ni la yule mwanamfalme wa Uholanzi aliyekuja kwenye uzinduzi wa hifadhi mwaka 1992. Kuna na njia ya Sonjo, kama kilomita mbili na nusu, nayo haina shida. Mbega wekundu mara nyingi unawakuta hata kabla hujatoka eneo la ofisi, wamekaa matawini mikia inaning'inia, kichwani nywele nyekundu. Wa miaka 9 hata Sanje anaweza mkianza mapema na mkiwa hamkimbizani, wa 6 msubiri kidogo.

Wavalishe soksi ndefu na suruali uichomeke ndani ya soksi. Siafu wa kule hawana masihara.

mama_msolwa:
Mimi nimezaliwa Msolwa, mlima huu nauona nikifungua mlango wa jikoni. Nasoma mnavyosifia nafurahi, kweli ni mzuri, lakini naomba na sisi tusikike. Zamani tulikuwa tunaruhusiwa kuingia kuokota kuni, zile kavu zilizoanguka, siku moja kwa wiki, Alhamisi. Alhamisi ilikuwa siku ya akina mama, tunaenda kwa makundi, tunaimba, tunarudi na mzigo. Mwaka 2011 wakafunga kabisa. Sikatai, nilikuwa naona mwenyewe wapo waliokuwa wanaficha panga ndani ya kanga wanakata mti mbichi. Ila siku ilipofungwa, aliyelala na njaa si yule aliyekata mti. Ilibidi tujifunze kupikia pumba za mpunga, tupande miti yetu, wengine tunanunua mkaa hela hatuna. Kwa hiyo mkija, mkiwa mnaoga kwenye hayo maji, mjue hiyo hifadhi imelindwa na kuni zetu.

mtembezi_moro:
Shikamoo mama. Nimesoma mara mbili. Hili nililijua kwa juu juu tu, sikuwahi kulisikia toka kwa mtu aliyelibeba kichwani, na nashukuru umeliandika.

Naomba niongezee kwa wanaosafiri: kama kweli tunaupenda huu mlima basi hela yetu ilale kijijini. Usibebe wali toka Dar, mchele wa bonde hili ndo ule ule unaouziwa Kariakoo kwa jina la Ifakara, kale kwa mama ntilie wa Mang'ula na perege au kambale wa Kilombero. Lala gesti ya hapo. Mwongozaji chukua wa hapo, siyo uje naye toka mjini. Ndizi nunua barabarani kwa wale mabinti wa Sanje. Haifuti alichosema mama lakini ni bora kuliko mtu anakuja na kila kitu kwenye buti la gari, anaacha chupa za plastiki anaondoka.

mama_msolwa:
Marahaba mwanangu. Hapo kwenye chupa umesema. Ukija tena pita, nitakukaangia perege.

kijana_wa_kitonga:
Mkuu mbona unaongelea upande wa Moro tu, Udzungwa sehemu kubwa iko Iringa bana. Huku kwetu kuna kituo cha Msosa, unaingilia Ruaha Mbuyuni pale penye vitunguu. Ila ukweli huku ni pakame, mibuyu na miba, joto kali. Mtu akitoka Mang'ula akaletwa huku hataamini ni mlima ule ule.

mtembezi_moro:
Na ni mlima ule ule kweli, ndo maajabu yake. Pepo za toka Bahari ya Hindi zinakuja na unyevu, zinagonga upande wa mashariki zinapanda, zinapoa, mvua inamwagika yote huku Kilombero. Zikivuka kuja kwenu zimebaki upepo mtupu. Ndo maana kwetu misitu ya mvua na kwenu mibuyu. Na huo unyevu wa bahari ndo umefanya misitu ya milima hii ya Tao la Mashariki isikauke kwa mamilioni ya miaka hata Afrika ilipokuwa inapitia ukame mrefu, kila mlima ukabaki kama kisiwa, na kwenye kisiwa viumbe wanabadilika kivyao vyao.

Yule kwale wa Udzungwa nadhani mmemsikia, mwaka 1991 watafiti wa Denmark wako kambini wanakula, wakaona kwenye sufuria miguu ya ndege wasiyoielewa. Kumbe ni aina mpya kabisa kwa sayansi. Wenyeji walikuwa wanamtega na kumla miaka yote. Kuna na yule mnyama kama panya buku mwenye pua ndefu, uso wa kijivu, ametangazwa 2008. Na kipunji, nyani wa kule Rungwe, ametangazwa mwaka 2005, na huku kwenye msitu wa Ndundulu pia alikuwa ameshaonekana, na jina la kipunji wenyeji wa Rungwe walikuwa nalo siku zote. Mnaona lakini? Kila mara mwenyeji anajua kwanza.

mdawida_wa_wundanyi:
Salamu toka Taita, Kenya. Nimesoma hii thread nikafurahi sana kwa sababu hiyo Tao la Mashariki inaanzia huku kwetu, Taita Hills ndio ya kaskazini kabisa na nyinyi Udzungwa ndio mwisho wa kusini. Sisi msitu uliobaki ni vipande tu, Ngangao, Mbololo, Chawia, vingine ni vidogo hata nusu siku umevimaliza. Tuko na ndege wetu ambao hawapatikani kwingine, lakini ukisimama kilele cha Vuria ukaangalia chini ni mashamba kila upande. Kwa hivyo mkiwa na mlima ambao msitu uko mzima toka chini hadi juu, tafadhali muuchunge. Nitakuja mwaka ujao nikijaliwa, nauliza tu kama mtu wa Kenya analipa bei ya mwenyeji?

mtembezi_moro:
Karibu sana ndugu. Wa Afrika Mashariki mna bei yenu ya chini kuliko wageni wengine, beba kitambulisho tu kisikose. Na ukija ukae siku mbili tatu, usije kwa ajili ya Sanje peke yake.

dada_wa_chuo:
Niwape yaliyonikuta ili wengine wasirudie. Tulienda mwezi wa nne na kundi, kuna mtu alikuwa anakusanya hela za wote mapema, kiingilio, mwongozaji, kila kitu. Tumefika getini hakuna kilicholipwa, simu yake haipatikani, tukachangishana upya tuliokuwa nacho. Halafu mvua. Njia ni utelezi mtupu, udongo mwekundu unashika kama sabuni, nilianguka mara nne, mwenzangu mmoja akateguka kifundo cha mguu kabla hata hatujafika nusu, ikabidi turudi wote. Mwongozaji alimbeba mgongoni sehemu kubwa ya njia na hakudai hata mia ya ziada, yule kaka Mungu ambariki. Maporomoko niliyasikia tu sikuyaona.

mtembezi_moro:
Pole sana dada. Hapo kuna mambo mawili na yote ni makubwa. Hela ya hifadhi usimpe mtu akulipie, kila mmoja anapata namba ya malipo na analipa mwenyewe, basi. La pili, Machi mpaka Mei ni masika, maporomoko yanakuwa na maji mengi na yanapendeza kweli lakini kufika ndo kazi. Mimi naenda Juni mpaka Oktoba. Wanaosema kiangazi maji yanakauka si kweli, Sanje haikauki.

Rudi dada, safari hii mwezi wa nane.

fundi_mlimba:
Mtu akija huku aendelee mbele kidogo hadi Kihansi ajifunze. Nazungumzia chura wa Kihansi, mdogo hafiki hata kidole gumba, rangi ya njano, hatagi mayai, anazaa vitoto. Alikuwa anaishi kwenye ukungu wa maporomoko ya Kihansi tu, sehemu ndogo kuliko viwanja vichache vya mpira. Amegunduliwa 1996, mradi wa umeme wa megawati 180 ukaanza kazi 2000, maji yakaelekezwa kwenye mtambo, ukungu ukapotea. Wakafunga mabomba ya kunyunyizia maji, chura wakaanza kurudi, halafu 2003 ukaja ugonjwa wa kuvu ukawamaliza. 2009 wakatangazwa wametoweka porini. Waliopona ni waliokuwa wamepelekwa Marekani, bustani za wanyama za Bronx na Toledo, wakazaliana kule na kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa. Mimi umeme ndo kazi yangu na siwezi kusema tusijenge, taa tunazihitaji. Ila chura huyo amenifundisha kupima kabla ya kukata.

chuma_cha_reli:
Sasa hapo umenigusa mkuu. Hayo maji ya Udzungwa yote yanaishia wapi?

fundi_mlimba:
Ya upande huu yanaingia Kilombero, Kilombero inaingia Rufiji, na hakuna mto unaoipa Rufiji maji mengi kuliko Kilombero. Rufiji ndo Bwawa la Nyerere, megawati 2,115. Upande wa juu Ruaha Mkuu inapita Kidatu, mtambo wa 1975, megawati 204. Kwa hiyo ukiwasha feni hapo Dar jua msitu wa mama_msolwa umo humo ndani.

mtembezi_moro:
Nilikuwa natafuta namna ya kulisema hilo, asante fundi.

Haya, kwa wale mnaouliza kuhusu kupanda kwa siku kadhaa: ipo Mwanihana, kama kilomita 38, siku tatu usiku mbili, unalala kwenye hema ndani ya msitu mpaka kilele cha Mwanihana. Hiyo siyo ya kwenda na raba za mpira. Mimi nimeifanya mara moja, usiku wa pili mvua ya mlimani ilitupiga na baridi ambayo huwezi amini uko mkoa wa Morogoro, asubuhi tukafungua hema ukungu umetanda chini yetu kama bahari na mbega weupe wanaruka juu ya vichwa vyetu, wakiruka yale manyoya ya mabegani yanafunguka kama kanzu. Kuna na ya Lumemo, kama kilomita 65, siku tano, hiyo bado naitamani tu.

Mwezi wa nane nataka kwenda tena Mwanihana. Nafasi sita. Kila mtu analipa mwenyewe getini, mwongozaji na wapagazi tunachukua wa Mang'ula. Mahitaji: buti zenye meno, sweta, koti la mvua hata kama ni kiangazi, tochi ya kichwani, soksi pea nne, begi la kulalia. Pombe hapana. Spika ya muziki hapana kabisa, mkitaka kumsikia ngolaga.

dada_wa_chuo:
Niandike mimi na mwenzangu aliyeteguka, ameshapona.

chuma_cha_reli:
Weka na mimi. Buti nanunua mwisho wa mwezi.

mama_msolwa:
Huku mvua imekata tangu juzi, leo ndo jua limetoka vizuri. Mwanangu mdogo ni mpagazi, anasema njia ya Sonjo imeshakauka, ile ya Sanje kuna mti mkubwa umeangukia njia karibu na pale pa kwanza pa kupumzikia, askari wanapanda kesho kuukata. Mkija nipigieni hodi, nyumba ya tatu baada ya mashine ya kukoboa.